Mawe Yaliyosahauliwa Ndani ya Redio

Redio haiuawi na kazi. Nimezifungua nyingi katika kibanda changu sokoni Marani, na zile zilizochoshwa na kuimba usiku na mchana huwa hazinisumbui: swichi inabadilishwa, waya uliokatika unaungwa, spika iliyotoboka inapata nyingine, na mwenyewe anapanda mlima kurudi kwake ikiongea begani. Zinazonitoa jasho ni zile zilizotunzwa. Redio imefutwa vumbi, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikakaa juu ya kabati kwa heshima zote, na ndani yake mawe manne, yaani betri kavu, yakaachwa miaka kumi bila kuguswa. Ikiletwa kwangu imefungwa ndani ya leso, mwenye kuileta huniambia haijawahi kuharibika. Ananiambia kweli. Ilikuwa nzima siku ilipozimwa.

Mjomba wangu, aliyenifundisha kazi hii, aliuliza swali moja kabla ya kushika bisibisi: "Imelala na mawe au bila mawe?" Bei ya matengenezo ilitokana na jibu. Nimelirithi swali hilo pamoja na meza yake, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyoona kwamba ndani yake mna historia nzima ya nyumba zetu katika nchi hii ya Abagetutu wa Kisii, tangu sauti ya kwanza kutoka mbali ilipoingia sebuleni hadi leo ambapo mtoto anasikiliza habari kwenye simu ya mamake.

Reli haikufika Kisii. Ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901, ikaishia majini. Kwa miaka mingi bidhaa zilizotuhusu zilivushwa ziwani hadi Kendu Bay, kisha zikapandishwa milima hadi Getembe, mji ambao serikali iliuita Kisii. Kutoka Getembe kuja Marani ni mteremko na mpanda, na mvua ya huku haina msimu wa kuaminika. Mchana mwingi huisha kwa radi. Nayataja haya kwa sababu mawe ni mazito na hayapendi unyevu, na safari hiyo ilikuwa na vyote viwili, uzito na unyevu. Jiwe lililotufikia lilikuwa limekwisha kuzeeka kidogo njiani, kisha likakaa kwenye rafu ya duka chini ya bati linalotoa jasho kila alfajiri.

Redio za kwanza za betri hazikuwa kitu cha mkulima. Zilitumia taa za kioo ndani yake, na taa hizo zilitaka umeme wa namna mbili: volti chache za kuziwasha na volti tisini hivi za kuzifanya kazi. Betri yake ilikuwa bunda zima la mawe madogo yaliyofungwa pamoja. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilitengeneza redio ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kwa rai ya Harry Franklin aliyesimamia habari na utangazaji huko Lusaka. Iliitwa Saucepan Special, kwa kuwa umbo lake lilitokana na sufuria. Redio iliuzwa pauni 5, na betri yake shilingi 25 ikidumu kama saa 300. Fikiria hesabu hiyo: betri moja, robo ya bei ya redio yenyewe. Tangu mwanzo, kwa mtu wetu, kununua redio kulikuwa jambo dogo. Kuilisha ndiko kulikokuwa jambo.

Kilichobadilisha mambo ni transista, iliyovumbuliwa katika maabara za Bell huko Marekani mwishoni mwa mwaka 1947 na kuingia katika redio ya mfukoni mwaka 1954. Taa za kioo zikaondoka, na volti tisini zikaondoka nazo. Mawe manne, au sita, yalitosha. Redio za Philips, National na Sanyo zilipoanza kuonekana madukani Kisii, mkulima wa kahawa aliweza kuzitazama bila kupepesa macho. Wakisii walianza kupanda kahawa miaka ya 1930, wakiwa pamoja na watu wa Meru na Embu miongoni mwa Waafrika wa kwanza Kenya kuruhusiwa zao hilo ambalo walowezi walitaka liwe lao peke yao. Malipo ya kahawa yalipotoka, mjomba alisimulia, kulikuwa na vitu vitatu vilivyopandishwa mlimani kwa sherehe: bati, baiskeli na redio. Bati lilifunika nyumba. Baiskeli ilibeba ndizi. Redio ilimfanya mwenye boma kuwa na wageni kila jioni, awatake asiwatake.

Na mawe yakawa ya hapa nchini. Mwaka 1967 ilianzishwa Union Carbide Kenya, kampuni tanzu ya Wamarekani, na kiwanda chake kikawa Nakuru. Hakuna aliyekua Kenya katika miaka ile asiyemjua yule paka mweusi wa Eveready anayerukia ndani ya tarakimu 9. Tulimwona kwenye kuta za maduka kutoka Kegogi hadi Rioma, na wino wake mwekundu ulibaki viganjani tulipotumwa dukani kununua jozi moja. Desemba 1984 gesi ya sumu ilivuja katika kiwanda cha Union Carbide huko Bhopal, India, ikaua maelfu. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo iliuza biashara yake ya betri kwa Ralston Purina. Nakuru wakaendelea kutengeneza, paka akaendelea kuruka. Sisi kwenye milima hatukusikia chochote cha mabadiliko hayo ila kupitia redio, ambayo ilitusomea habari za Bhopal kwa nguvu ya mawe ya mwenye Bhopal.

Nyumba yenye redio ilikuwa na sheria. Mzee ndiye aliyewasha na mzee ndiye aliyezima. Taarifa ya habari ya jioni ilisikilizwa, kisha matangazo ya vifo, kisha kitufe kikageuzwa na kimya kikarudi. Muziki ulikuwa anasa ya Jumapili. Sauti ya Kenya, ambayo serikali iliifanya idara yake mwaka 1964 na ambayo mwaka 1989 ilirudi kuitwa KBC, ilikuwa na matangazo kutoka Kisumu yaliyotumia lugha za magharibi, Ekegusii ikiwemo, na saa hiyo ya lugha yetu ilitengewa mawe mapema. Kulikuwa na nyumba ambapo mawe yalitolewa kila usiku na kufungiwa kwenye sanduku la bati pamoja na sukari na hati za shamba, ili vijana wasiyamalize kwa nyimbo za Kongo. Wazee waliofanya hivyo walichekwa na vijana wao kwa ubahili. Leo redio zao ndizo nzima. Naziona zikija kwangu zina kutu kidogo ya nje tu, springi zinang'aa, kwa sababu hazikuwahi kulala na mawe tumboni.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 1 Agosti 1982 ilikula mawe mengi kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Askari wa jeshi la anga walikuwa wameteka kituo cha redio Nairobi, na sauti iliyolazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela, mtu yuleyule ambaye tangu 1966 alituuliza katika kipindi chake kama hili au lile ni ungwana. Hakuna aliyezima redio siku hiyo. Mchana, sauti zikaanza kufifia boma baada ya boma, na duka lililokuwa na katoni ya mawe liliuza hadi la mwisho. Waliokosa walirudia mbinu za umaskini, nazo zinastahili kuandikwa, kwa kuwa vijana wa sasa hawazijui.

Ya kwanza ilikuwa kuanika. Mawe yaliyochoka yalipangwa juu ya bati saa za jua na kurudishwa jioni, na redio ilipata pumzi ya taarifa moja au mbili. Haikuwa uchawi. Joto huharakisha kazi ya kemikali ndani ya jiwe, na mapumziko huruhusu gesi iliyozunguka kijiti cha kaboni kutawanyika. Wengine waliyaweka karibu na mafiga, jambo la hatari. Ya pili ilikuwa kuyaunga: mawe mawili mapya hayapatikani, basi manane ya zamani yanafungwa kwenye bomba la mpapai au ndani ya gazeti lililokunjwa, waya mbili zinatoka hadi kwenye redio, na mzee anasikiliza habari huku mkia mrefu wa mawe umelazwa mezani. Ya tatu ndiyo iliyoleta msiba. Walitoboa jiwe kwa msumari upande wa juu, wakadondoshea maji ya chumvi, wakaziba kwa nta au sabuni. Jiwe lilifufuka kwa saa chache. Kisha likaanza kutoka maji, na maji hayo yakaenda kule ambako hakuna mtu angeyaona.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kulipasua jiwe moja. Watoto wa shule tulilipasua mara nyingi kwa sababu nyingine: unga mweusi wa ndani ulichanganywa na maji na majani ya kusagwa, ukapakwa ubao wa darasa uliopauka hadi chaki ikaonekana tena. Katikati mna kijiti cha kaboni. Unga unaokizunguka ni manganizi iliyochanganywa na kaboni na kulowanishwa kwa chumvi za amonia au za zinki. Nje yake ni kopo la zinki, na juu ya kopo ni karatasi au bati lenye yule paka. Muundo huu ni wa zamani. Mfaransa Georges Leclanché aliubuni mwaka 1866 ukiwa na maji ndani ya mtungi wa kioo, na Mjerumani Carl Gassner akaukausha miaka ishirini baadaye kwa kutumia zinki yenyewe kuwa chombo. Hapo ndipo penye wema wake na ubaya wake. Kopo la zinki ni chungu na kuni kwa wakati mmoja. Kila habari uliyosikiliza iliteketeza kidogo cha ukuta unaoshikilia maji ndani. Jiwe likiisha, ukuta umekuwa mwembamba na una matundu, gesi ya haidrojeni inasukuma kutoka ndani, chumvi inachuruzika. Inakula springi kwanza. Halafu, na hili huwashangaza wateja, inapanda ndani ya waya, chini ya plastiki, inchi kwa inchi, hadi kwenye bodi, na kuigeuza shaba kuwa kijani. Haihitaji redio kuwashwa. Inahitaji muda tu, na unyevu wa Kisii.

Kuchanganya mawe mapya na ya zamani huharakisha msiba huu. Wengi wa watu wetu walinunua mawili badala ya manne, na hesabu yao ya fedha ilieleweka. Lakini yale manne husimama kwenye mstari mmoja na mkondo uleule huyapitia yote. Lililo dhaifu likimalizika, wenzake wenye nguvu hulisukuma kinyume, nalo hupasuka mapema. Mjomba alilikagua kila jiwe peke yake kwa balbu ya tochi na kipande cha waya, na hakuamini kitu kingine. Leo nina mita ya tarakimu, na bado natumia balbu, kwa sababu mita pekee hudanganya: jiwe lililokufa likipumzika linaweza kusoma volti 1.4, karibu sawa na jipya lenye 1.5, kisha ukilipa balbu ya kuwasha linaanguka chini ya 1 papo hapo. Mzigo ndio husema ukweli. Na mnunuzi asilipime la zamani tu. Mawe ya zinki huzeeka hata ndani ya katoni, miaka miwili au mitatu yakipungua nguvu, kwa hiyo duka lenye vumbi linaweza kukuuzia jipya lililokwisha. Soma tarehe iliyopigwa kwenye kopo.

Sasa nieleze redio zinazolala, kwa maana hizo ndizo zilizonifanya niandike.

Katika boma zetu redio ilikuwa ya mwanamume, na mwanamume akifa redio hubaki mahali pake. Haipewi mtu haraka. Wana wanaogopa kuonekana wanagawana, mjane hataki kusikia sauti ile bila mwenyewe, na mwaka unapita, na mingine. Mawe aliyoyaweka marehemu yako ndani. Mama mmoja mzee wa upande wa Sensi aliniletea National ya mumewe, ya bendi tatu, iliyokuwa imelala tangu mazishi, na mjukuu wake sasa alitaka kuisikia. Nilipofungua, mawe yalikuwa yamevimba na kushikana na springi, unga mweupe na kijani umejaa kila pembe. Nikaanza kuyatoa. Akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "hayo mawe ni yeye mwenyewe aliyeyaweka."

Nilinyamaza kwa heshima ya maneno yake, kisha nikamwambia, "Mama, ndiyo. Lakini yanamla. Tukiyaacha, redio yake itaisha." Alifikiri. Akaachilia mkono. Niliyatoa, nikayafunga kwenye karatasi nikampa, nikamwomba ayaweke mbali na watoto na mbali na moto. Mawe ya miaka ile yalikuwa na zebaki kidogo, iliyopakwa kwenye zinki ili gesi isizidi; watengenezaji wengi walianza kuiondoa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Anayeyatupa jikoni anaipeleka zebaki hiyo kwenye pumzi ya nyumba yake.

Kazi yenyewe huenda polepole. Jiwe lililoganda haling'olewi kwa kisu, kwani ukiteleza unakata waya au plastiki. Nalizungusha kwa vidole huku nikidondoshea spiriti pembeni, na likikataa kabisa nalitoboa na kulikunja kopo lake liingie ndani, litoke lenyewe. Maji ya mawe haya ya zinki yana tindikali, kwa hiyo nayafuta kwa mswaki uliochovywa kwenye maji ya magadi, kidogo sana, na harufu ya amonia hupanda hapo hapo kuonyesha kazi imeanza. Kisha kitambaa cha maji safi, kisha spiriti, kisha jua. Springi iliyo nzima inapigwa msasa hadi ing'ae. Iliyoliwa inatolewa na kuwekwa nyingine kutoka kwenye tochi ya zamani. Waya naukata nyuma hadi nione shaba ya rangi yake halisi, hata kama inabidi kuufuata hadi kwenye bodi.

Baada ya hapo watu hutaka kutia mawe mapya mara moja. Nawazuia. Ndani ya redio iliyolala mna kapasita za aina inayotegemea ngozi nyembamba ya oksaidi, na ngozi hiyo hudhoofika kwa kukaa bila umeme. Ukizipiga volti zote kwa ghafla zinavuta mkondo mwingi, na zinaweza kupasuka. Naunga balbu katikati ya mawe na redio, nazipa kwanza umeme haba, nangoja. Balbu ikiwaka sana, kuna kitu kimeshikana na ninazima. Ikififia polepole, ngozi inajijenga upya. Mjomba, ambaye hakuwahi kusikia neno oksaidi, alifanya hivihivi kwa kuanza na jiwe moja badala ya manne, akiongeza moja moja. National ya yule mama ilianza kwa kukoroma. Nikasafisha kitufe cha sauti. Ikapata Kisumu.

Niliwahi kuletewa kitu kisicho redio, na kilinifundisha kwamba ugonjwa huu hauna kabila. Familia moja ya huku ina kijana wao Minnesota, ambako Wakisii ni wengi kiasi cha kuwa na makanisa na vyama vya mazishi vyao. Alituma sanduku la nguo na vitu vya watoto wake waliokwisha kuwa wakubwa, na humo mlikuwa na treni ya kuchezea: injini nyeusi, mabehewa, reli za plastiki za kuunganisha duara. Watoto wa boma, ambao treni ya kweli wameiona labda kwenye kitabu, walipanga reli uani na injini haikuenda. Mawe yake madogo yalikuwa ya alkali, aina aliyoibuni Lewis Urry katika miaka ya 1950 akifanyia kazi Eveready huko Marekani. Kopo la nje la haya ni la chuma na haliliwi yanapotumika, nayo hudumu miaka mingi rafuni. Ndiyo sababu watu huyaamini na kuyasahau. Lakini nayo hutoa gesi yakiisha, mpira wa chini unaachia, na kinachotoka si tindikali bali potasi kali, ambayo ikikutana na hewa hugeuka chumvi nyeupe. Hapo magadi hayafai kitu. Hapo ni ndimu au siki. Niliisafisha kwa ndimu iliyoota nyuma ya kibanda changu, nikabadilisha bati moja la kugusia, nikatia tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli. Ikazunguka uani na watoto wakaifuata wakipiga kelele.

Kijana yule aliponipigia simu kushukuru, alinieleza kwamba huko kuna wazee wenye vyumba vizima vya treni za namna hiyo, za bei ya ng'ombe. Zinapata umeme wake kwenye reli, lakini nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1990 zina betri ndogo ndani, ya kuifanya injini iendelee kupiga honi na kukumbuka mipangilio yake umeme unapokatika kidogo. Mtu anazifunga kwenye maboksi yake ya asili, akizitunza zisishuke thamani, na baada ya miaka anafungua na kukuta injini bubu. Wana ratiba ya kuzikagua. Nilifurahi kusikia. Swali la mjomba wanaliuliza na wao.

Kwetu mawe yameondoka katikati ya maisha bila mtu kutangaza. Simu ndogo yenye tochi, ile ya mulika mwizi, iliondoa tochi ya mawe mawili kwanza. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 na baada ya miaka michache kila mlinzi alikuwa nayo. Stima ilikuwa sokoni kwa muda mrefu bila kupanda vijijini, hadi mpango wa Last Mile wa kuanzia 2015 ulipoanza kufikisha nguzo kwenye boma. Paneli za jua zikajaza mahali ambapo nguzo hazikufika. Redio za FM zikaja na Ekegusii saa zote, Egesa na Minto, si kipindi kifupi tu, na zikasikilizwa kwenye simu na kwenye matatu. Madukani Tiger Head ya Guangzhou ilikuwa imekwisha kumsukuma paka pembeni kwa bei. Mwaka 2014 kiwanda cha Nakuru kilifungwa, kampuni ikieleza kwamba haiwezi kushindana na bidhaa za kuagizwa, na tangu hapo jiwe lenye paka halitengenezwi nchini. Niliumia kuisikia habari hiyo. Nilikuwa nimezoea kwamba kitu kinachoharibu redio za Marani na kitu kinachozifanya ziimbe kilitengenezwa na mikono ya Wakenya wenzangu, umbali wa safari ya siku moja.

Lakini kazi haijaisha, kwa kuwa mawe hayajaondoka, yamejificha. Yamo kwenye saa ya ukutani ya kanisa, kwenye rimoti ya televisheni iliyoharibika, kwenye kipimo cha presha ambacho watoto wa mjini humnunulia baba na ambacho hutumika wiki mbili. Yamo juu ya dari na ndani ya yale masanduku ya bati. Nikialikwa kwenye boma lolote siku hizi, baada ya chai naomba kuonyeshwa vitu vilivyolala. Wenyeji wamezoea. Tunatoa mawe, tunafuta, tunaandika kwenye kipande cha karatasi tarehe ya kuyatoa na kukiacha mahali yalipokuwa, na redio inarudi juu ya kabati tumbo tupu.

Yanayotolewa naondoka nayo. Nyuma ya kibanda nina debe lenye mfuniko, kavu, limejaa mawe ya kila umri: ya paka, ya Tiger Head, ya National ambayo yalivuka mpaka kutoka Tanzania. Zamani yote yangeingia chooni, na hakuna aliyejiuliza kuhusu chemchemi iliyo chini ya mteremko. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa mwongozo wa taka za umeme mwaka 2010, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka mwenye kuingiza bidhaa nchini abebe jukumu lake hadi mwisho wa maisha ya bidhaa hiyo. Ni sheria nzuri. Gari la kuyachukua halijapanda Marani bado. Nimeuliza katika ofisi zinazohusika, nikaambiwa ningoje, na ninangoja huku debe la pili likianza kujaa. Chakavu hununuliwa hapa kwa kilo, na mnunuzi wa vyuma amenitaka nimuuzie yote kwa ajili ya zinki. Nimekataa, kwa sababu najua atayachoma ili aipate, na atayachomea kando ya mto.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ameanza kuja kibandani siku ambazo hakuna shule. Wiki hii nimempa redio ya Philips iliyotoka kwenye boma la mzee aliyezikwa mwaka jana. Kabla sijamwambia lolote amemgeukia mama aliyeileta na kumuuliza, kwa adabu, imelala na mawe au bila mawe. Mama hakuwa na uhakika. Kijana ameichukua, ameitikisa kidogo karibu na sikio, na ameenda kutafuta magadi.